Maswali ya Wasomaji: Ufugaji wa Koi Nyumbani Huanza na Maji

Barua kuhusu samaki wa koi zimekuwa nyingi kiasi cha kutulazimu kuzipa safu nzima ya toleo hili. Koi ni kapi, yaani aina ya samaki wa maji baridi, waliochaguliwa kwa ajili ya rangi zao na wakulima wa mpunga wa milima ya Niigata, nchini Japani, tangu karne ya 19. Samaki mmoja akitunzwa vyema huweza kuishi zaidi ya miaka 25 na kufikia urefu wa sentimita 60 au hata kupita hapo, kwa hiyo anayemleta nyumbani ajue kwamba amejifunga kwa muda mrefu. Tumezifupisha barua, na tumeijibu ya kwanza kwa urefu zaidi kwa sababu tatizo lake limejirudia katika nusu ya barua tulizopokea.

Bwawa jipya, samaki wanakufa

*Mshauri, salaam. Nilijenga bwawa la saruji uani, lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1.5 na kina cha sentimita 60. Nililijaza maji ya bomba na baada ya siku mbili nikatia koi kumi wadogo. Watatu wamekwisha kufa, na waliobaki hupanda juu alfajiri wakitweta. Kila Jumamosi ninamwaga maji yote na kusugua kuta ili wakae mahali safi, lakini hali inazidi kuwa mbaya. Jirani ananiambia kuna mtu anawatilia sumu. — Msomaji, Tabata, Dar es Salaam*

Ndugu msomaji, pole kwa hasara hiyo. Hakuna mtu aliyewatilia samaki wako sumu. Sumu inatokana na bwawa lenyewe, na ule usafi wa kila Jumamosi, ingawa umetoka katika nia njema, ndio unaozuia dawa yake isipatikane.

Samaki hutoa amonia mchana na usiku, sehemu kubwa ikipitia kwenye matamvua yake, na chakula kilichobaki huongeza amonia nyingine kinapooza. Katika bwawa lililokomaa wapo bakteria wanaoigeuza amonia hiyo kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa na mimea huitumia kama mbolea. Bakteria hao hukaa juu ya kuta, mawe na hasa ndani ya chujio, na huchukua kama wiki nne hadi nane kuongezeka hadi kutosha. Wewe ulitia samaki kumi siku ya pili, bwawa likiwa halina hata kundi dogo la bakteria hao, na kila walipoanza kujishika ukutani uliwasugua na kuwamwaga pamoja na maji, kisha ukawamalizia wachache waliosalia kwa klorini ya maji ya bomba. Klorini hiyo hiyo huunguza matamvua ya samaki.

Saruji nayo ina lawama yake. Saruji mpya hutoa chokaa ndani ya maji na kupandisha pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali wa maji, pengine hadi kupita 9, na pH ya juu huifanya amonia kuwa kali zaidi. Katika maji yenye joto la nyuzi 30 na pH ya 7.5, ni kama asilimia 2.5 tu ya amonia iliyomo ambayo iko katika hali ya sumu kali. pH ikipanda hadi 8.5, sehemu hiyo hufika karibu asilimia 20. Maana yake ni kwamba uchafu ule ule, kwa idadi ile ile ya samaki, unaweza kuwa na ukali wa mara nane kwa sababu ya chokaa peke yake.

Kuhusu kutweta alfajiri, jambo hilo linahusu hewa. Maji ya nyuzi 20 huweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ilhali ya nyuzi 30, ambayo ni hali ya kawaida katika bwawa dogo la Dar es Salaam lisilo na kivuli, hubeba takriban 7.5 tu. Usiku mwani na mimea huacha kutengeneza oksijeni na badala yake huitumia, hivyo saa ya hatari kuliko zote ni kabla ya jua kuchomoza.

Sasa ufanye nini? Leo hii acha kuwalisha kwa siku tatu au nne, kwani koi mwenye afya hadhuriki kwa kukosa chakula siku hizo, na weka pampu ya hewa ifanye kazi usiku na mchana. Usimwage tena maji yote. Kwa wiki hizi za mwanzo badilisha kama robo ya maji kila siku au kila baada ya siku moja, kwa kadiri kipimo cha amonia kinavyokuelekeza. Baadaye asilimia 10 hadi 20 kwa wiki itatosha. Maji mapya yakae kwanza siku moja au mbili katika tangi lililo wazi huku yakipigwa hewa ili klorini itoke, au yatiliwe sodiamu thiosulfeti kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Nunua vipimo vya amonia, naitraiti na pH kabla ya kununua samaki mwingine yeyote. Maji yanaweza kung'aa kama kioo huku yakiua, na macho hayana uwezo wa kuona amonia.

Chujio unaweza kulitengeneza mwenyewe kwa mapipa mawili ya plastiki ya lita 200. La kwanza tia brashi au vipande vya nyavu kuukuu za kuvulia vya kukamata taka, na la pili tia sponji au changarawe ya kukaliwa na bakteria. Pampu iwe na nguvu ya kupitisha maji yote ya bwawa katika chujio kila baada ya saa moja au mbili. Sponji zikijaa taka, zisuuze kwa maji yaliyotoka bwawani humo humo, kamwe si kwa maji ya bomba.

Kuna jambo moja ambalo hatuna budi kukuambia hata kama halitakupendeza. Bwawa lako linabeba lita 1,800, na koi mkubwa mmoja huhitaji si chini ya lita 1,000. Wafugaji wazoefu wengi hawakubali kuanza na bwawa la chini ya lita 4,000 au 5,000, lenye kina cha mita 1.2 au zaidi. Kina hicho hupunguza kupanda na kushuka kwa joto na humpa samaki mahali pa kukimbilia ndege. Wagawie wengine samaki unaoweza kuwagawa, ubaki na watatu au wanne wadogo huku ukipanga kujenga kubwa zaidi. Hilo la sasa litakufaa kwa kuwatenga wagonjwa na wageni, na hutajuta kulijenga. Kabla ya kulijaza bwawa jipya samaki, lijaze maji, liache siku kadhaa, limwage, na urudie hivyo mara kadhaa hadi pH itulie kati ya 7 na 8.5, au lipake rangi ya kuzuia maji isiyo na sumu, ya aina inayotumika kwenye matangi ya maji ya kunywa.

Umeme unapokatika

*Kwako mshauri. Nina koi tisa wakubwa katika bwawa la lita 12,000. Stima hupotea hapa mara kwa mara, wakati mwingine usiku kucha. Jenereta siwezi kuinunua kwa sasa. — Msomaji, Kiambu*

Ndugu msomaji, huhitaji jenereta. Usijaribu kuendesha pampu kubwa ya maji wakati wa giza. Kitu cha kwanza ambacho koi wako watakikosa ni oksijeni, na pampu ya hewa ya umeme wa betri hutumia wati 10 hadi 20 tu. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 50 ina akiba ya wati-saa 600. Ukitumia nusu tu ya akiba hiyo ili betri isiharibike, pampu ya wati 20 itafanya kazi kwa saa 15, na ukiwa na paneli ndogo ya sola itajaa tena mchana. Weka jiwe moja la hewa (kile kijiwe cha mwisho wa mpira wa pampu kinachotoa vipovu) ndani ya bwawa na jingine ndani ya chujio, kwa sababu bakteria wa chujio nao wanavuta hewa, na chujio likikaa saa nyingi bila maji kupita huanza kuoza. Umeme ukirudi baada ya usiku mzima, maji ya kwanza yanayotoka kwenye chujio yamwage bustanini, usiyaruhusu yarudi bwawani. Siku ambayo umeme haupo, samaki wasile.

Koi wa Japani na koi wa hapa

*Muuzaji mmoja ananitoza mara kumi ya bei ya kawaida kwa koi anaosema wametoka Japani. Je, tofauti ipo kweli? Na je, nikiwanunua niwachanganye mara moja na wangu wa zamani? — Msomaji, Arusha*

Tofauti ipo, lakini inamhusu zaidi anayetafuta samaki wa mashindano. Wafugaji wa Niigata wana vizazi vingi vya kuchagua, na huwaondoa samaki wengi sana katika kila uzao ili wabaki wachache wenye mwili mnene, ngozi inayong'aa na mipaka safi ya rangi. Koi walianza kujulikana Japani nzima baada ya maonyesho yaliyofanyika Tokyo mwaka 1914. Aina tatu zinazoheshimiwa kuliko zote ni Kohaku, ambaye ni mweupe mwenye mabaka mekundu. Taisho Sanke, mweupe mwenye mabaka mekundu na madoa meusi. Na Showa Sanshoku, ambaye weusi ndio msingi wake, na wekundu na weupe hukaa juu yake. Muuzaji wako asipoweza kukuonyesha hati za kuingiza samaki nchini, basi lipia unachokiona kwa macho na usilipie hadithi. Angalia pia masharubu, kwani koi ana jozi mbili pembeni mwa mdomo na samaki wa dhahabu hana. Wapo wanaouza mmoja kwa jina la mwingine.

Swali lako la pili ni zito kuliko la kwanza, na jibu lake ni hapana. Mgeni yeyote, awe ametoka Japani au kwa jirani, atengwe katika tangi lake, lenye chujio lake na wavu wake wa mkono, kwa wiki tatu au nne. Upo ugonjwa wa virusi vya malengelenge vya koi ambao huoza matamvua, huweza kuua sehemu kubwa ya samaki wa bwawa katika siku chache, na hauna tiba. Samaki aliyepona anaweza kubeba virusi hivyo maisha yake yote akionekana mzima. Ugonjwa huo hushambulia maji yakiwa kati ya nyuzi 16 na 28, na maji ya mabwawa ya Arusha, kama yale ya Nairobi na nyanda nyingine za juu, yanaangukia humo karibu mwaka mzima. Mkiona vifo vya ghafla vya koi peke yao huku samaki wa jamii nyingine wakiwa salama, msiuze wala kugawa samaki hata mmoja, na mjulisheni afisa uvuvi au daktari wa mifugo aliye karibu.

Ugali, mkate na rangi zinazofifia

*Shikamoo mshauri. Koi wangu huwapa makombo ya ugali na mkate, na wanayafurahia sana. Lakini wekundu wao umegeuka rangi ya chungwa iliyopauka. — Msomaji, Tanga*

Marahaba. Koi atakula karibu chochote, kwa hiyo furaha yake isiwe kipimo chako. Samaki huyu hana tumbo la kuhifadhia chakula. Chakula hupita moja kwa moja kwenye utumbo, ndiyo maana kidogo kidogo mara tatu kwa siku kunamfaa kuliko mlo mmoja mkubwa. Ugali na mkate ni wanga mtupu, humnenepesha ini na hulainika majini na kuyachafua. Mpe chakula cha punje zinazoelea chenye protini ya asilimia 35 hadi 40. Ukikosa cha koi, chakula bora cha sato kinachouzwa kwa wafugaji hakina neno. Toa kiasi wanachokimaliza kwa dakika tano, na kinachobaki kichote.

Wekundu wa koi hutokana na karotenoidi ambazo mwili wake hauwezi kuzitengeneza, ni lazima azile. Wewe uliye Tanga una bahati, kwa sababu uduvi ni chanzo kizuri cha rangi hiyo. Wachague wasiotiwa chumvi, uwape kidogo mara mbili au tatu kwa wiki. Mwani wa spirulina unaotiwa katika baadhi ya vyakula vya punje hufanya kazi hiyo hiyo, na mchicha au kipande cha chungwa ni nyongeza njema. Hata hivyo, rangi nyingine zimo katika damu ya samaki, na koi wengi wachanga hubadilika wanapokua, chakula kiwe kizuri namna gani. Jambo la mwisho kwa watu wa pwani: unyevunyevu wetu huotesha kuvu katika magunia upesi, na sumukuvu huharibu ini la samaki kama inavyoharibu la binadamu. Nunua mfuko mdogo unaoisha ndani ya miezi miwili, ufunge vizuri, na chakula kinachonuka kuvu kitupe.

Madoa meupe na kujikuna

*Koi wangu wawili wana vidoadoa vyeupe kama punje za chumvi, na wanajisugua kwenye kuta. Rafiki ameniletea dawa ya kuogeshea ng'ombe. — Msomaji, Morogoro*

Mrudishie rafiki yako dawa yake leo. Dawa za kuua kupe nyingi ni sumu kali kwa samaki hata zikiwa matone machache.

Anza kwa kupima maji, kwani koi hujisugua pia amonia inapomwasha. Maji yakiwa mazuri, basi vidoa hivyo huenda ni vimelea vya ugonjwa wa madoa meupe. Vimelea hivi hujificha chini ya ngozi, ambapo dawa haivifikii, kisha hudondoka na kuzaliana chini ya bwawa, na ni vile vichanga vinavyoogelea kutafuta samaki ndivyo vinavyoweza kuuawa. Katika maji ya uvuguvugu mzunguko huo huisha kwa siku chache, kwa hiyo tiba lazima ipite mizunguko kadhaa. Usiache kwa sababu vidoa vimetoweka siku ya tatu. Tumia chumvi ya mawe isiyotiwa iodini, kilo 3 kwa kila lita 1,000, ukiigawa kwa siku tatu, na uiache kwa wiki mbili. Chumvi haikauki pamoja na maji, hivyo maji yakipungua kwa jua ongeza maji matupu. Ukimwaga sehemu ya maji, ndipo urudishe chumvi ya sehemu hiyo tu. Mimea iondoe kwanza, itakufa.

Kuna wafugaji wanaotia chumvi kila wiki kama kinga. Hatuwaungi mkono, kwa kuwa vimelea huizoea, na siku ya ugonjwa unabaki huna silaha.

Mbu, kenge na watoto wadogo

*Mume wangu anataka bwawa la koi, nami ninahofia mbu. Tuna watoto wawili wadogo. — Msomaji, Bagamoyo*

Dada, kwa mbu usiwe na hofu kubwa, kwa kuwa koi hula viluwiluwi vya mbu na maji yanayotembea hayawavutii kutaga. Kagua badala yake visahani vya maua na ndoo zilizosahauliwa uani. Hofu ya kweli, kwa watoto wenu, ni kile kina cha mita 1.2 tulichokitaja katika jibu la kwanza. Kabla ya maji kuingia, mwambie mwenzio bwawa lijengwe kuta zilizopanda juu ya ardhi na lifunikwe kwa fremu ya chuma yenye wavu imara unaoweza kubeba uzito wa mtoto, uliofungwa kwa kufuli. Fremu hiyo hiyo itazuia kenge, mnandi, mdiria na paka wa mtaani. Waya za pampu zipite katika swichi inayokata umeme wenyewe unapovuja, na ifungwe na fundi aliyesomea kazi hiyo. Mkikosa fedha za mambo haya mawili, bwawa lisubiri.

Vifaranga wamezidi

*Koi wangu wametaga na sasa nina mamia ya vifaranga. Karibu nami kuna mto unaoingia ziwani. Je, nikiwaachilia humo si nitakuwa nimewafadhili wavuvi? — Msomaji, Nakuru*

Tafadhali usifanye hivyo, wala usimruhusu mtu mwingine afanye. Koi ni kapi mwenye nguo nzuri tu. Jike huweza kutaga mayai yapatayo 100,000 kwa kila kilo ya uzito wake, na katika vizazi vichache vya maji ya wazi rangi hupotea na kubaki samaki wa kahawia anayechimbua matope, anayeng'oa mimea na kuyavuruga maji ambamo samaki wengine walikuwa wakitaga. Wewe unaishi karibu na mfano ulio hai: kapi waliingia Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1990, na katika miaka michache wakawa sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa humo. Wavuvi wanawauza, ni kweli, lakini hakuna mtu awezaye kuwatoa tena. Onyo hilo hilo linahusu magugu maji, ambayo baadhi ya wasomaji wametuuliza kama yanafaa kwa kivuli. Kila anayeishi kando ya Ziwa Viktoria anajua gharama yake, na hata gugu moja lisitoke bwawani kwako. Tumia neti ya kivuli au yungiyungi aliyepandwa ndani ya chungu.

Kwa vifaranga ulio nao, fanya kama wafanyavyo Niigata: chagua wachache wenye umbo na rangi nzuri, wasiozidi uwezo wa bwawa lako, na wengine wape wafugaji wenye mabwawa yasiyofikiwa na mafuriko. Msimu ujao, wakubwa wakianza kufukuzana alfajiri na kutaga kwenye mimea, usiyatoe mayai. Waache wazazi wenyewe. Wao huyala, na watakuachia wachache tu wa kuwatunza.